Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Vyombo vya Kale vya Kioo cha Kukandamizwa vya Marekani

Maswali haya ndiyo ninayoulizwa zaidi na Waswahili wenzangu wanaoishi Marekani, ambao hukutana na vyombo hivi kwenye maduka ya vitu vilivyotumika, kwenye minada ya vijijini na kwenye meza za watu wanaouza vyombo vyao nje ya nyumba mwishoni mwa wiki. Nimeyajibu kwa kadiri nilivyojifunza kwa kushika vyombo vyenyewe, na pale ambapo jibu ni refu nimeliacha liwe refu.

Kioo cha kukandamizwa ni kipi, na kinatofautianaje na kile cha kupulizwa au kuchongwa?

Mfano wa karibu zaidi ni kinu na mchi. Fundi mmoja alichovya fimbo ya chuma tanurini akatoa donge la kioo kilichoyeyuka. Mwenzake akalikata donge hilo kwa mkasi likaangukia ndani ya kalibu ya chuma iliyochongwa nakshi, kisha akavuta wenzo, na mchi wa chuma ukashuka kukikandamiza kioo mpaka kikajaa kila kona ya kalibu. Pete iliyokaa juu ya kalibu ndiyo iliyoupa ukingo umbo lake. Kwa hiyo upande wa nje wa chombo huchukua nakshi ya kalibu, na upande wa ndani huchukua umbo la mchi, ambao mara nyingi ni laini kabisa.

Hapo ndipo kipimo cha kwanza kilipo. Ingiza kidole ndani ya chombo. Ikiwa nje kuna mabonde na vilima, nawe ndani unahisi ulaini mtupu, chombo hicho kimekandamizwa. Ikiwa ndani nako kunafuata mabonde na vilima vya nje, kimepulizwa ndani ya kalibu. Kioo cha kuchongwa nacho kina kingo kali zinazokwaruza ngozi, kwa kuwa kila mstari ulikatwa kwa gurudumu baada ya kioo kupoa, ilhali kingo za kioo cha kukandamizwa zimelainika kidogo na joto. Kioo cha kukandamizwa pia huwa na mishono, yaani mistari myembamba iliyoinuka pale vipande vya kalibu vilipokutana. Mafundi walizoea kukirudisha chombo motoni kwa muda mfupi ili king'ae, na moto huo ungeweza kuufifisha mshono, kwa hiyo usikate tamaa usipouona mara moja. Utafute kwa ukucha.

Kazi hii ilianza lini na wapi?

Ilikua Marekani katika miaka ya 1820. John P. Bakewell wa Pittsburgh alipata hataza mwaka 1825 ya kukandamiza vishikio vya kioo vya samani, na mwaka huohuo Deming Jarves akaanzisha kiwanda katika mji wa Sandwich, kwenye rasi ya Cape Cod, jimbo la Massachusetts. Katika jimbo hilohilo tayari kulikuwa na kampuni ya New England Glass, iliyoanza mwaka 1818. Msomaji wa pwani yetu atavutiwa kujua kwamba wakati huo meli za bandari ya Salem, iliyo Massachusetts pia, zilikuwa zikileta Zanzibar kile kitambaa tunachokiita marekani hadi leo, na kwamba Seyyid Said alitiliana mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833.

Kalibu za mwanzo zilikuwa na tatizo. Kioo kilipogusa chuma kilichopoa kidogo, uso wake ulikunjamana na kupoteza mng'aro. Dawa iliyopatikana ilikuwa kuijaza kalibu nukta ndogo ndogo kwa maelfu, zikawa kama usuli wa kitambaa cha lesi, na juu yake yakachongwa maua, mioyo, tai na meli. Nukta zile zilivunja mwanga zikaficha makunyanzi yote. Vyombo hivyo vya mtindo wa lesi vilitamba kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1820 hadi katikati ya karne ile, na kwangu mimi hakuna kioo cha Marekani kinachovizidi kwa uzuri.

Visahani vya kuwekea kikombe ni sehemu ya kundi hilo. Wamarekani wa zama zile walimimina chai kwenye kisosi ipoe, wakainywa humo, kama wazee wetu wengi wanavyofanya mpaka leo. Kikombe chenyewe, kikiwa kinachuruzika, kiliwekwa juu ya kisahani kidogo cha kioo ili kisichafue kitambaa cha meza. Desturi ilipokufa, visahani vikakosa kazi, na sasa kuna watu wasiokusanya kitu kingine ila hivyo.

Kwa nini vyombo vingine ni vizito na vinalia kama kengele, na vingine vya nakshi hiyohiyo ni vyepesi na havilii?

Tofauti iko katika mchanganyiko. Kioo cha mwanzo kilitiwa oksidi ya risasi, ambayo hukifanya kiwe kizito, king'ae sana na kilie kwa sauti ndefu kinapogongwa. Risasi ilikuwa ghali. Mwaka 1864, William Leighton wa kampuni ya Hobbs, Brockunier iliyokuwa Wheeling, jimbo la West Virginia, alikamilisha mchanganyiko wa magadi na chokaa uliotoa kioo kisicho na rangi, chepesi na cha bei nafuu zaidi. Kioo hicho kipya kiliganda upesi, hivyo mafundi walilazimika kufanya kazi kwa kasi, na kiwanda kikatoa vyombo vingi zaidi kwa siku. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe viwanda vingi viliufuata mchanganyiko huo.

Kwa hiyo nakshi kama Bellflower au Ashburton, zilizoanza enzi ya risasi, huthaminiwa zaidi zikiwa kwenye kioo kizito. Ili kupima, shika bilauri kwenye mguu kwa ncha za vidole na uigonge ukingoni kidogo kwa ukucha au kwa penseli. Kipimo hiki kina mipaka: bakuli lililo wazi hulia vizuri, lakini chombo chenye shingo nyembamba au kipande kinene sana hakilii hata kama kina risasi, na kioo chembamba cha magadi chaweza kutoa sauti fupi. Anza na uzito, halafu sauti.

Majina ya nakshi yanatoka wapi?

Swali hili lina uzito kuliko linavyoonekana. Viwanda vingi viliita nakshi zao kwa namba au kwa jina la biashara, na majina tunayotumia leo yalibuniwa miongo kadhaa baadaye na wakusanyaji na waandishi. Nakshi iitwayo Moon and Star iliuzwa na kampuni ya Adams ya Pittsburgh kwa jina la Palace. Westward Ho, yenye nyati, swala na kibanda cha magogo, ilitengenezwa na Gillinder & Sons wa Philadelphia ikiitwa Pioneer. Mwaka 1891 kampuni kumi na kadhaa za Pennsylvania, Ohio na West Virginia ziliungana zikawa United States Glass Company, ambayo ilitoa tena nakshi za zamani za wanachama wake na kutoa mpya zenye majina ya majimbo, kama vile Texas, Maryland na Wisconsin.

Maana yake ni kwamba kujua jina la nakshi si sawa na kujua umri wa chombo. Nakshi moja yaweza kuwa imetoka viwandani mwaka 1885, ikarudiwa mwaka 1895 na muungano ule, kisha ikanakiliwa mwaka 1965 na kampuni nyingine kabisa. Wanaoanza hushika kitabu, hupata picha inayofanana, hufunga kitabu na kulipa. Kitabu kimewaambia jina tu.

Nikishika chombo dukani, nianze kuangalia nini?

Anza na chini. Chombo kilichotumika miaka mia na zaidi kimesuguliwa na meza, rafu na sahani nyingine, kwa hiyo sehemu inayogusa meza inapaswa kuwa na mikwaruzo midogo inayokwenda kila upande, mingine mirefu, mingine kama nukta, na iwe pale tu panapogusa. Mikwaruzo yote ikielekea upande mmoja, au ikiwa imeenea hadi sehemu isiyoweza kufika mezani, kuna mtu aliyeisugua kwa makusudi. Kisha pitisha kidole polepole kwenye ukingo mzima huku umefumba macho, kwa kuwa kidole hukamata pengo dogo ambalo jicho hulikosa kwa sababu ya mng'aro.

Baada ya hapo elekeza chombo dirishani na utazame nakshi kwa karibu. Kalibu nzuri ya karne ya 19 ilichongwa na fundi mwenye subira: mishipa ya jani huonekana, manyoya ya mnyama huonekana, nukta za usuli ni nyingi na zimepangwa. Nakala huwa na jani lisilo na mishipa na nukta chache zilizotawanyika. Mwisho, hesabu mishono. Bilauri nyingi za zamani zina mitatu, na mara nyingi mshono huishia chini kidogo ya ukingo kwa sababu ukingo ulirudishwa motoni.

Nitaitambuaje nakala?

Hapa nina kisa changu. Miaka yangu ya kwanza nilinunua bilauri yenye mguu ya Westward Ho kwa bei iliyoniumiza, kwa kuwa muuzaji alinihakikishia kuwa ilitoka kwa bibi yake. Niliiweka kabatini miezi mingi. Siku niliyoiweka kando ya bilauri ya kweli ya mkusanyaji mwenzangu, nilielewa kabla sijaambiwa: ukungu mweupe uliotiwa kwa makusudi juu ya nakshi ya ile ya zamani ulikuwa laini kama hariri, wangu ulikuwa mkavu kama chaki, nyati wake alikuwa na manyoya, wangu alikuwa na umbo tu. Tangu hapo sinunui nakshi ya gharama kabla sijashika ya kweli kwa mikono yangu.

Nakshi zilizonakiliwa sana ni zilezile zinazopendwa sana: Westward Ho, Three Face, Lion, Moon and Star, Daisy and Button. Kampuni ya L. G. Wright ya New Martinsville, West Virginia, iliagiza nakala nyingi kuanzia miaka ya 1930, na haikuwa peke yake. Rangi husaidia sana katika jambo hili. Moon and Star ya zamani ni ya kioo kisicho na rangi, wakati mwingine ikiwa na ukungu au imepakwa rangi nyekundu juu, kwa hiyo ukiona bakuli lake la kaharabu, kijani au buluu iliyo ndani ya kioo chenyewe, kuna uwezekano mkubwa sana ni la karne ya 20. Umbo pia husaidia, kwani nakala nyingi ni za vyombo ambavyo kiwanda cha kwanza hakikuvitengeneza katika nakshi hiyo, au vina kimo kinachopungua kidogo.

Je, hakuna alama ya kiwanda?

Kwa vyombo vya karne ya 19, mara nyingi hakuna. Alama zilikuja kuzoeleka baadaye: herufi H ndani ya almasi ni ya Heisey wa Newark, Ohio, herufi N yenye mstari chini yake ni ya Northwood, jina Fenton ndani ya umbo la yai lilianza kutiwa kwenye baadhi ya vyombo vya kampuni hiyo mwaka 1970, kwa hiyo humaanisha kuwa chombo si cha kale. Alama yenyewe si hukumu. Heisey alipofunga mwaka 1957, kampuni ya Imperial ilinunua kalibu zake nyingi na kuendelea kuzitumia, na baadhi ya vyombo vya Imperial vilibaki na ile H.

Wakusanyaji wengi hubeba taa ya urujuanimno. Inawaonyesha nini?

Kioo cha manjano ya kijani kilichotiwa urani hung'aa kijani kikali chini ya taa hiyo, kiasi cha kuangaza kiganja. Kioo kisicho na rangi kinaweza kung'aa kijani hafifu, na hiyo ni manganizi, ambayo viwanda viliitia ili kuondoa ukijani unaoletwa na chuma kilichomo kwenye mchanga. Manganizi ilitumika sana hadi wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, kisha seleni ikachukua nafasi yake, ndiyo maana mng'ao hafifu ni dalili nzuri ya umri, ingawa haitoshi peke yake.

Manganizi hiyohiyo ikikaa juani miaka mingi hugeuka zambarau nyepesi. Kwa bahati mbaya kuna watu wanaoviweka vyombo vizuri kwenye mionzi mpaka viwe zambarau nzito na kuviuza kwa bei ya juu. Binafsi nauona huo kuwa uharibifu, maana rangi aliyoikusudia fundi imepotea na mnunuzi anaaminishwa kuwa hiyo ndiyo ya asili.

Ndani ya bilauri yangu kuna mstari unaofanana na ufa. Nimepoteza pesa?

Huenda hukupoteza. Mkasi ulipokata donge la kioo, sehemu iliyoguswa na chuma ilipoa kidogo, na alama hiyo ikabaki ndani ya chombo kama unyuzi wa majani makavu uliozama majini. Pitisha ukucha pande zote mbili: alama ya mkasi haikamati ukucha, na ukikizungusha chombo kwenye mwanga haimetameti. Ufa humetameta kama kioo kidogo cha kujitazamia, na mara nyingi huanzia ukingoni. Alama ya mkasi si kasoro ya kupunguza bei.

Kwa nini kila muuzaji anasema chombo chake ni cha Sandwich?

Kwa sababu jina hilo linauza. Kiwanda cha Sandwich kilifungwa mwaka 1888 baada ya mgomo wa wafanyakazi, na vigae, yaani vipande vya kioo kilichovunjika, vilivyochimbwa kwenye eneo lake baadaye vilitumiwa kudai kwamba nakshi nyingi sana zilitoka hapo. Lakini viwanda vingi vya kioo vilinunua vigae kutoka nje ili kuviyeyusha pamoja na mchanga mpya, kwa hiyo kigae kilichookotwa Sandwich hakithibitishi kwamba kilitengenezwa hapo. Pittsburgh na Wheeling zilitoa vyombo vingi mno, na nyingi ya sifa zao zimepewa Cape Cod bila haki.

Nimeuziwa "chombo cha maua" kifupi chenye ukingo wa mawimbi. Ni cha maua kweli?

Yaelekea ni cha vijiko. Seti ya meza ya Wamarekani wa wakati ule ilikuwa na vipande vinne: bakuli la siagi lenye kifuniko, bakuli la sukari lenye kifuniko, jagi dogo la maziwa, na chombo cha kusimamishia vijiko vya chai katikati ya meza. Chombo kingine kinachofanana na hicho cha vijiko, ila kirefu zaidi, kilikuwa cha kusimamishia mabua ya seleri, mboga iliyokuwa ya fahari. Angalia pia ndani ya mdomo: ukiona kidaraja kidogo kinachozunguka, hapo palikaa kifuniko, nawe umenunua bakuli la sukari lililopoteza mwenzake.

Je, vyombo vyenye rangi za upinde wa mvua navyo vimo kundini?

Vimekandamizwa pia, ila ni vya zama za baadaye. Fenton, Northwood, Imperial na wenzao walivitoa kwa wingi kuanzia karibu mwaka 1908, wakinyunyizia chumvi za metali juu ya kioo kingali moto. Vile vya rangi nyepesi vya waridi na kijani vya miaka ya 1930 vilitengenezwa kwa mashine wakati wa mdororo mkuu wa uchumi, na vingine viliwekwa kama zawadi ndani ya maboksi ya nafaka. Kila kundi lina elimu yake.

Nivioshe vipi?

Kwa mkono, maji ya uvuguvugu, sabuni laini, taulo chini ya beseni, chombo kimoja kwa wakati mmoja. Usikihamishe kutoka kwenye baridi hadi kwenye maji ya moto. Mashine ya kuoshea vyombo hula uso wa kioo na kuacha ukungu usiotoka. Ukungu wa chokaa ya maji hutoka kwa siki, huo mwingine hautoki kwa kitu chochote cha nyumbani. Kwa hiyo kabla ya kununua chombo, hakikisha ni kikavu: maji hufunika ukungu wa aina zote mbili kwa muda, na muuzaji mjanja anaweza kukionyesha kikiwa na unyevu. Subiri kikauke.

Naweza kukitumia mezani?

Cha magadi na chokaa, ndiyo, kwa uangalifu. Katika cha risasi usihifadhi siki, juisi ya ndimu wala mvinyo, kwa kuwa asidi huvuta risasi taratibu. Cha urani mimi hukiacha rafuni.

Vina thamani gani leo?

Intaneti ilipokusanya kabati zote za Marekani mahali pamoja, vilivyodhaniwa kuwa adimu vikaonekana kuwa vingi, na bei ya vyombo vya kawaida visivyo na rangi ikashuka. Bakuli zuri la miaka ya 1890 laweza kupatikana kwa dola chache. Vilivyo adimu kwelikweli bado ni ghali. Nakshi ya sarafu ya Central Glass ya Wheeling ilitoka mwaka 1892 na kuzuiwa muda mfupi baadaye, kwa kuwa serikali haikukubali sura za sarafu zake zitumike hivyo. Holly Amber ya Greentown, Indiana, ilitengenezwa miezi michache tu ya mwaka 1903 kabla kiwanda hakijateketea kwa moto mwezi wa Juni. Pengo au ufa hupunguza bei kwa kiasi kikubwa, isipokuwa kwa vipande ambavyo hakuna atakayepata kingine.

Nianze na kitu gani?

Anza na vyombo vya vijiko. Vipo karibu katika kila nakshi, ni vidogo, havina kifuniko cha kupotea, na wauzaji wengi bado wanavidhania vya maua. Ukiwa karibu na Sandwich, tembelea jumba la makumbusho la kioo la mji huo. Ukiwa jimbo la New York, tembelea lile la mji wa Corning. Kila unaponunua, andika kwenye karatasi ndogo tarehe, mahali, bei, na sababu zilizokufanya uamini umri wake, kisha ikunje na uitie ndani ya chombo. Yangu ya kwanza ingalimo ndani ya ile bilauri yenye nyati asiye na manyoya.